Wavu Huandaliwa Nchi Kavu



Mwezi wa Juni ukifika hapa Kamina, baridi huanza kuuma alfajiri. Mvua zimekwisha, majani yamekauka, na maji ya mito yanarudi katika mikondo yake. Shule zikikaribia kufungwa, vijana wengi wa parokia zetu huanza kuzungumza juu ya safari. Huyu anakwenda Bukama kwa mjomba wake; yule anatafuta nafasi katika treni; wengine wanapanga kufika Kikondja na Malemba-Nkulu, kwenye maziwa ya Upemba na Kisale. Si safari ya matembezi. Wanakwenda kuvua, au kuwasaidia wanaovua, au kununua samaki waliokaushwa kwa moshi ili wawauze mjini. Wanatumaini kwamba Septemba itawakuta na karo ya shule, madaftari, na unga wa siku chache nyumbani kwa mama.

Kazi hiyo ni ya heshima. Bwana wetu alichagua wanne kati ya Mitume wake wa kwanza kutoka kwa watu wa kazi hiyo hiyo. Lakini makala haya yanataka kusema jambo moja ambalo mara nyingi hatulizingatii: fadhila na makosa ya mvuvi hayaanzii majini. Yanaanza nchi kavu, katika siku zile chache za matayarisho, anapochagua wavu, mtumbwi, wenzake, na siku ya kurudi. Mtu akishafika katikati ya ziwa, mengi yamekwisha kuamuliwa.

Nyavu zilizooshwa

Tukisoma Injili kwa haraka, tunakumbuka wingi wa samaki na kuisahau kazi iliyotangulia. Mwinjili Marko anasimulia kwamba Bwana alipowaita Yakobo na Yohane, wana wa Zebedayo, aliwakuta ndani ya mashua wakizitengeneza nyavu zao. Mwinjili Luka anaeleza kwamba kabla ya Petro kupata samaki wengi kupita kiasi, wavuvi walikuwa wameshuka ufukweni wakiosha nyavu, ingawa usiku kucha hawakupata kitu.

Tulitafakari jambo hili. Mtu aliyehangaika usiku mzima na kurudi mikono mitupu angeweza kuzitupa nyavu pembeni na kwenda kulala. Wao waliziosha kwanza. Kama wangeziacha zimejaa tope na majani, Bwana aliposema waende kilindini wasingekuwa na chochote cha kushusha majini. Muujiza ulipata mahali pa kushukia kwa sababu watu waliochoka walikuwa wametimiza wajibu mdogo ambao hakuna aliyewapigia makofi kwa ajili yake.

Kanisa linaiita fadhila hii busara, nayo ni moja ya fadhila kuu nne, pamoja na haki, nguvu na kiasi. Busara si woga, wala si ujanja wa kujinufaisha. Ni akili inayotazama mbele na kuchagua njia halali ya kufikia lengo jema. Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, anayeketi kwanza kuhesabu gharama, na mfano wa wanawali ambao mafuta yao hayakuweza kuazimwa usiku wa manane.

Wako miongoni mwetu wanaosema: “Tusali tu, Mungu atatulinda.” Ni kweli, tusali. Lakini mtu aliyeona mtumbwi wake unavuja, akawa na siku mbili za kuuziba na hakuuziba, kisha akaomba baraka juu yake, sala yake ina kasoro. Shetani alipomshauri Bwana ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wangempokea, Bwana alikataa. Hatujaruhusiwa kumjaribu Mungu kwa uzembe wetu na kuuita uzembe huo imani.

Maji tunayoyaendea

Maziwa hayo ya bonde la Upemba yamewalisha watu tangu zamani sana. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wataalamu wa mambo ya kale walianza mwaka 1957 kufukua makaburi ya watu walioishi pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walikuta vyungu vizuri na vitu vya shaba na chuma vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa. Watu wale waliishi kwa maji yale yale tunayoyaendea sisi, na walipoondoka duniani waliyaacha yakiwa na samaki. Huo ndio urithi wetu.

Lakini maji hayo yana masharti yake. Katika Ziwa Kisale mafunjo husongamana hata kuwa visiwa vinavyoelea. Upepo huvisukuma, na njia iliyokuwa wazi asubuhi huenda ikazibwa jioni. Mamba na viboko ni wenyeji wa pale. Na kila mwaka katika nchi yetu tunasikia habari za mitumbwi na mashua zilizozama kwa sababu zilijazwa watu na mizigo kupita uwezo wake, au zilisafiri gizani bila taa. Mara nyingi wanaozikwa ni vijana.

Hata mataifa yaliyo mbali na yetu yanaijua hekima hii. Katika nchi za baridi kali, kama Kanada na Ufini, maziwa huganda katika miezi ya baridi, na mvuvi hutembea kwa miguu juu ya ziwa lililogeuka barafu. Hutoboa tundu, akaketi kando yake, akateremsha ndoana. Kwetu jambo hilo laweza kuonekana kama hadithi. Lakini kabla ya kukaa na kutega, mvuvi huyo hupima unene wa barafu. Wengi hufundishwa kwamba mtu mmoja anayetembea anahitaji barafu safi isiyopungua sentimita 10, na gari linahitaji nene zaidi sana. Wengi huvaa shingoni vijiti viwili vyenye ncha za chuma, ili wakitumbukia waweze kujivuta watoke. Wanashauriwa wasiende peke yao, na wawaambie walio nyumbani watakwenda wapi na watarudi saa ngapi. Wao huanza kwa kukichunguza kile kinachowabeba, ndipo wafikiri juu ya samaki.

Sisi tunabebwa na mbao, si barafu, lakini sheria ni ile ile. Kabla hujaulizia bei ya samaki, uliza: mtumbwi huu ni wa nani, umezibwa lini, unabeba watu wangapi, na kuna jaketi la kuokolea maisha kwa kila mmoja? Nahodha akicheka maswali hayo, tafuta mtumbwi mwingine. Kijana anayeshuka kutoka mtumbwi uliojaa kupita kiasi hajaonyesha woga. Ameiheshimu amri ya tano ya Mungu, ambayo inatudai tuulinde uhai wetu na wa wenzetu.

Kuna hatari nyingine isiyopiga kelele. Eneo la maziwa ya Upemba linajulikana kwa kipindupindu, ugonjwa unaorudi mara kwa mara katika kambi za wavuvi, ambako watu hunywa maji ya ziwa na kukosa vyoo. Mwenye busara huweka katika mfuko wake sabuni na dawa ya kusafishia maji, au sufuria ya kuyachemshia. Pia anajifunza kabla ya kuondoka jinsi ya kutengeneza maji ya kumsaidia anayeharisha wakati akipelekwa kituo cha afya bila kukawia: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Hayo ni maarifa mepesi kubeba, na yameokoa watu wengi.

Chandarua kilichohama kitanda

Sasa tufike kwenye kiini. Kati ya vitu vyote ambavyo kijana huviandaa, wavu ndio unaoonyesha dhamiri yake kwa uwazi zaidi.

Wavu wenye matundu mapana huchagua wenyewe. Samaki mkubwa hushikwa, mchanga hupita na kwenda kukua. Chandarua cha mbu hakichagui. Matundu yake ni madogo sana, kama milimita 2 tu. Hukokota mayai, vifaranga, na kila kiumbe kidogo kilichojificha katika majani ya ukingoni. Na vingi vya vyandarua hivyo vimetiwa dawa inayoua mbu, dawa ambayo ni sumu kali kwa samaki. Anayevua kwa chandarua katika siku moja hula chakula cha miaka kadhaa ijayo, na anakipata kiasi cha kujaza sinia moja la mnuso.

Tena uovu wa jambo hilo ni wa pande mbili. Chandarua kile kilitolewa bure ili kimfunike mtoto mchanga na mama mjamzito. Kinapohamishwa kutoka kitandani kwenda ziwani, mtoto anabaki wazi kwa malaria nyumbani, na samaki mchanga anakufa majini. Vizazi viwili vinapigwa kwa kitambaa kimoja.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 22, kina amri ndogo ambayo huenda wengi wetu tumeipita bila kuiona. Mtu akikuta kiota njiani, ndege jike akiwa ameyalalia mayai au makinda, amekatazwa kumchukua mama pamoja na wana. Amri hiyo inaahidi maisha marefu kwa anayeishika. Mungu anamruhusu mwanadamu kula. Anamkataza kukata mzizi wa chakula chenyewe. Sasa angalieni hekima iliyowekwa katika maziwa yetu. Tilapia jike wa aina nyingi hubeba mayai yake kinywani, na hata yakianguliwa huwalinda wanawe humo humo mpaka waweze kujitegemea. Wakati huo hali vizuri. Anayemvua katika kipindi hicho kando ya majani anachukua kiota kizima, mama na wana. Ndiyo maana viongozi wa mkoa wetu wa Haut-Lomami wamekuwa wakifunga uvuvi kwa muda, samaki wanapozaliana, na ndiyo maana wazee wa kando ya maji walikuwa na sehemu na nyakati ambazo wavu haukuguswa. Kijana Mkristo asiione sheria hiyo kama kizuizi cha serikali tu. Aione kuwa inafanana na amri ya kiota.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja, na kwamba dunia tuliyoipokea ni ya wale pia watakaokuja baadaye. Maneno hayo si ya nchi za mbali zenye viwanda pekee. Pale Kikondja samaki wakipungua, tajiri atanunua nyama. Atakayekosa ni mjane aliyekuwa akinunua fungu dogo sokoni Kamina na kuwalishia wajukuu watano.

“Njaa haingoji”

Najua jibu litakalotolewa, na ni haki tulisikilize. Kijana atasema: “Mzee, maneno yako ni mazuri, lakini wavu halali ni ghali, chandarua tunacho. Tena samaki mdogo nitakayemwacha mimi leo, mwingine atamchukua kesho. Njaa haingoji.”

Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ina uzito. Kanisa halimhukumu kwa ukali mama anayetafuta mboga ya usiku huu kwa chombo chochote alicho nacho. Mafundisho yetu yanatambua kwamba dhiki kubwa hupunguza hatia. Lakini tusijifiche nyuma ya mama huyo. Anayefunga safari ya siku kadhaa, akashona vyandarua kumi kuwa wavu mmoja mrefu, akaajiri watu wa kuukokota ili ajaze magunia ya kuuza, huyo ana muda wa kufikiri na ana mtaji. Kwake njaa ni kisingizio.

Sehemu ya pili, kwamba mwingine atamchukua, ni ngumu zaidi, kwa sababu ni kweli. Mtu mmoja akijizuia peke yake, huenda akapata hasara tu. Lakini hapo ndipo Kanisa lina kitu cha kutoa ambacho mvuvi wa peke yake hana: jumuiya. Sisi tunajua likelemba. Wazazi wetu wamesomesha watoto kwa likelemba. Kwa nini kundi la vijana kumi lisianze likelemba kuanzia Januari, ili kufikia Juni liwe na wavu mmoja halali wenye matundu mapana na jaketi chache za kuokolea maisha, vyote vikiwa mali ya kundi? Kwa nini wanaokwenda kambi moja wasiahidiane mbele ya jumuiya yao ndogondogo kwamba hakuna atakayebeba chandarua isipokuwa cha kulalia? Ahadi ya watu kumi kambini huonekana. Huwapa wengine haya, na huwapa wazee wa kambi nguvu ya kusema yale ambayo pengine walikuwa wakiogopa kuyasema peke yao.

Na tunaobaki mjini tusinawe mikono. Wavu wa chandarua haungeingia majini kama sokoni Kamina kusingekuwa na mnunuzi wa vifaranga. Kila tunapolipa kwa fungu la samaki wachanga wasiotimiza hata urefu wa kidole, tunaagiza wengine wavuliwe.

Siku ya kurudi

Matayarisho mawili yamebaki, nayo ni ya moyo.

La kwanza ni siku ya kurudi. Tumewaona wenzetu walioondoka Julai wakisema watarudi shule zikifunguliwa, na Septemba ikawapita huko huko. Fedha ya kwanza huja haraka, pombe ya kambini iko karibu, na daftari linaonekana kuwa jambo la watoto. Kijana aweke siku ya kurudi kabla hajapanda treni, aitaje mbele ya wazazi na mbele ya kiongozi wa kundi lake, na nauli ya kurudi aiache nyumbani.

La pili ni heshima ya mtu. Mabinti wetu wanaokwenda kununua samaki kambini, kama ilivyo katika kambi nyingi za maziwa ya Afrika, hukutana na wauzaji wanaodai malipo yasiyo ya fedha. Jambo hili husemwa kwa minong'ono. Tuliseme wazi, kwa sababu ukimya humlinda mkosaji. Wasiende mmoja mmoja. Wafikie kwa familia inayojulikana au kwa Wakristo wa jumuiya ya mahali. Na wavulana wa makundi yetu walioko kambini wajue kwamba kunyamaza mbele ya udhalimu huo ni kushiriki.

Ndugu vijana, baada ya ufufuko Bwana aliwangoja wanafunzi wake ufukweni, moto ukiwa umewashwa na chakula kikiwa tayari. Yohane anahesabu samaki mia moja hamsini na watatu, wote wakubwa, na anaongeza kwamba wavu haukupasuka. Wavu wa namna hiyo ulikuwa na mtu aliyeukagua, akayaona machozi yake ya zamani, akayashona. Nendeni mkavue, na Mungu awabariki. Lakini kabla ya kwenda, kaeni chini mwangalie mnachobeba.

Maswali kwa mazungumzo ya kundi

1. Katika kundi letu, ni nani wanaojitayarisha kwenda maziwani likizo hii? Wamekwisha kuandaa nini, na wamekosa nini?
2. Vyandarua vya nyumbani kwetu viko wapi leo: vitandani, bustanini, au ziwani?
3. Je, tunaweza kuanza likelemba ya wavu halali na jaketi za kuokolea maisha? Nani ataitunza, na wavu utakaa kwa nani?
4. Sisi tunaonunua samaki sokoni, tuko tayari kukataa nini?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyewaita wavuvi wakiwa kazini, watazame vijana wetu wanaojiandaa kwa safari. Wape macho ya kuona ufa wa mtumbwi kabla haujajaa maji, na ufa wa moyo kabla haujawa dhambi. Walinde mchana na usiku, uwarudishe salama kwa wazazi wao na shuleni kwao. Utufundishe sote kula bila kuwanyima watakaokuja baada yetu. Kwa maombezi ya Bikira Maria, Nyota ya Bahari. Amina.